Kompyuta Inayokesha na Video ya Harusi

Jumamosi harusi, Jumatatu asubuhi simu inaita: "Video yetu imefikia wapi?" Mpiga video wa mtaani, awe Tanga, Kisumu au Bujumbura, amelizoea swali hilo. Kuhariri alimaliza jana jioni. Kilichobaki ni mstari unaotambaa kwenye skrini, na pembeni yake maandishi yanayosema zimebaki saa tano. Baada ya nusu saa maandishi hayohayo yanasema zimebaki saa tano na dakika kumi.

Wanaokesha hivyo si wapiga video peke yao. Yupo aliyehamisha kanda za zamani za familia, yupo mwalimu aliyerekodi masomo kwa simu na anataka yaenee kwenye flashi ya kila mwanafunzi, yupo kijana ambaye televisheni ya nyumbani imekataa kabisa kucheza faili alilopewa na rafiki yake. Wengi wao huishia kwenye uamuzi mmoja: kompyuta imechoka, itafutwe nyingine. Mara nyingi uamuzi huo huja mapema mno. Mashine ileile, ikipewa kazi kwa namna nyingine, huweza kumaliza kwa sehemu ndogo ya muda ule, na zipo kazi za saa tano ambazo tangu mwanzo hazikuhitaji zaidi ya dakika tano.

Kinachokula muda wote huo ni nini?

Picha moja ya video ya kiwango cha 1080 ina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwenda juu, jumla 2,073,600. Kila pikseli ikitunzwa kwa baiti tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, fremu moja hufikia megabaiti 6.2. Zikipita fremu 25 kwa sekunde, ni megabaiti 155 kila sekunde, na kwa saa nzima ni gigabaiti 560 hivi. Sherehe ya saa tatu ingejaza diski ya terabaiti moja na nusu kabla keki haijakatwa.

Ndiyo maana hakuna anayehifadhi video ikiwa mbichi namna hiyo. Kamera huibana papo hapo, na ubanaji wenyewe unategemea jambo moja: fremu na ile inayoifuata karibu zinafanana. Bwana harusi akisimama mbele ya pazia, pazia halijaenda popote. Kilichosogea ni mkono wake na midomo ya MC. Basi programu huhifadhi fremu moja nzima, na kwa zinazofuata huandika tu ni kipande gani kimehama na kimetokea wapi.

Kazi iko kwenye kukitafuta hicho kipande. Katika H.264, kiwango kilichotoka mwaka 2003 na ambacho hadi leo huchezwa na karibu kila simu na televisheni, fremu hugawanywa vipande vya pikseli 16 kwa 16. Fremu ya 1080 hutoa vipande 8,160. Kwa kila kimoja, programu hurudi kwenye fremu nyingine na kutafuta mahali panapofanana nacho. Ikiamua kupekua kila mahali ndani ya pikseli 16 pande zote, kuna sehemu 1,089 za kujaribu, na kila jaribio ni kulinganisha namba 256 na namba nyingine 256. Kwa sekunde moja ya video hesabu hiyo inapita mara bilioni 56 za kutoa namba kwa namba. Na hapo imetazamwa fremu moja tu ya kulinganishia, H.264 inaruhusu kutazama kadhaa, zilizopita na zijazo.

Kuicheza video iliyokwisha kubanwa ni kazi nyepesi, kwa sababu kichezeshi kimeshaelekezwa kila kipande kimetoka wapi. Simu ya bei ndogo hucheza filamu nzima bila kupata moto, ilhali kompyuta iliyoitengeneza filamu hiyohiyo ilivumisha feni usiku kucha. Kwa hiyo anayetaka kuharakisha ana njia tatu: aukwepe upekuzi, aupunguze, au aupe kifaa kilichoundwa kwa ajili yake. Kununua prosesa kubwa zaidi ni njia ya nne, tena ya gharama.

Hata upekuzi wa kawaida usingewezekana nyumbani bila watu waliohangaika nao kwa miaka. Mwaka 2000 Mfaransa Fabrice Bellard alianzisha FFmpeg, programu huru na ya bure ambayo leo imo ndani ya vichezeshi na vigeuzi vya video visivyohesabika. Anayelipia programu ya kugeuza video yenye vitufe vya kung'aa, aghalabu analipia vazi lililovalishwa FFmpeg. Bellard ana kipaji cha kuitwisha kompyuta ya kawaida mzigo usio wa kawaida. Siku ya mwisho ya mwaka 2009 alitangaza kuwa amekokotoa karibu tarakimu bilioni 2,700 za pai kwa kompyuta moja ya mezani, rekodi ambayo miezi michache nyuma ilishikwa na kompyuta kuu ya chuo kikuu cha Japani. Mwaka 2003 Eric Petit alianza kuandika HandBrake, kigeuzi cha video, kwa ajili ya mfumo wa BeOS ambao sasa wachache wanaukumbuka. Toleo la 1.0 la HandBrake lilitoka Desemba 2016, miaka 13 baadaye.

Ndani ya programu hizo mbili, kazi nzito ya H.264 hufanywa na x264, iliyojengwa chini ya mradi wa VideoLAN, walewale wa VLC. Sehemu zake za ndani kabisa zimeandikwa kwa asembli, yaani amri za prosesa moja moja. Mojawapo ya amri hizo ilikuja na Pentium III mwaka 1999: hulinganisha namba nane na namba nane na kujumlisha tofauti zote kwa mkupuo. Pentium 4 iliifikisha 16, na prosesa za Intel za mwaka 2013 zikaifikisha 32. Somo lake kwa mtumiaji ni dogo lakini la maana: programu ya kugeuza video iliyokaa kwenye flashi ya fundi tangu enzi za Windows 7 huenda haizijui amri mpya zilizomo kwenye kompyuta yake. Kusasisha ni bure.

Turudi kwenye njia ya kwanza, ya kuukwepa upekuzi, kwa sababu hiyo ndiyo yenye faida kubwa na ndiyo isiyojulikana sana.

Faili la video lina matabaka mawili. Nje kuna kontena: MP4, MKV, AVI, MTS. Ndani yake mna picha na sauti, kila kimoja kikiwa kimebanwa kwa kodeki yake, yaani mbinu yake ya ubanaji. Televisheni ikikataa faili, mara nyingi inachokataa ni kontena, si kilichomo. Mfano mzuri ni kamera za AVCHD, mfumo uliotangazwa na Sony na Panasonic mwaka 2006 na ambao umerekodi harusi nyingi za kwetu. Kadi ya kamera hizo hutoa mafaili ya MTS. Mtu akiona herufi hizo ngeni huziingiza kwenye programu ya kugeuza, hubonyeza kitufe na kwenda kulala. Lakini ndani ya MTS mna H.264, ileile ambayo angetaka iwemo kwenye MP4. Inachohitaji ni kuhamishwa, kama mchele unaomiminwa kutoka kwenye gunia kuingia kwenye ndoo. Hakuna haja ya kuupika. Kwa FFmpeg amri ni mstari mmoja:

ffmpeg -i harusi.mts -c copy harusi.mp4

Hapo hakuna kinachobanwa upya, na ubora haupungui hata chembe. Muda unategemea diski peke yake. Saa moja ya AVCHD kwa megabiti 24 kwa sekunde ni gigabaiti 10.8. Kwenye SSD ya kawaida huhamishwa kwa dakika moja hivi. Ikisomwa kutoka kwenye flashi ya USB 2.0, inayotoa megabaiti 30 kwa sekunde, ni dakika sita. Ikitokea sauti haisikiki kwenye simu fulani, sababu huwa ni kwamba kamera ilirekodi kwa mfumo wa Dolby AC-3. Basi ibanwe upya sauti peke yake na picha iachwe ilivyo, kwa kuandika -c:v copy -c:a aac. Sauti ni mzigo mwepesi, nayo huisha katika dakika chache.

Asiyependa kuandika amri ana LosslessCut, programu ya bure inayokata na kuunganisha bila kubana upya. Ina kasoro moja: mkato hauwezi kuanzia popote, lazima uangukie kwenye fremu nzima, na x264 isipoelekezwa huweza kuacha hadi fremu 250, yaani sekunde 10, kati ya fremu nzima moja na nyingine. Kwa kuondoa dakika ishirini ambazo kamera ilisahaulika ikirekodi miguu ya viti, sekunde kadhaa si kitu. Kwa kukata katikati ya sentensi ya mshenga, haifai. HandBrake, pamoja na sifa zake zote, haina mlango huu kabisa. Kila picha inayopita humo hubanwa upya. Kwa hiyo kabla ya chochote, faili lifunguliwe kwanza kwa MediaInfo, nayo ya bure, ili ijulikane ndani mna nini.

Na kuna wanaogeuza bila sababu yoyote ya kiufundi. Tangu 2022 WhatsApp hupokea hati ya hadi gigabaiti 2. Video ikitumwa kama hati inafika kama ilivyo, bila simu kuiminya.

Pale ambapo kubana upya hakukwepeki, kwa kuwa faili ni kubwa mno au kodeki yake haitambuliwi na mashine ya upande wa pili, inabaki njia ya pili, ya kuupunguza upekuzi: kuamua programu ipekue kwa bidii kiasi gani. x264 ina ngazi kumi, kuanzia ultrafast hadi placebo, na mtu asipochagua hupewa medium. Ngazi za chini kabisa hujaribu sehemu chache kwa umbo la almasi, za kati hupekua kwa umbo la pembe sita, za juu hupanua eneo na kurudia mara nyingi. Mwongozo wa FFmpeg unatoa makadirio: kutoka medium kwenda slow huongeza muda kwa asilimia 40 hivi, slower huufanya mara mbili, na veryslow huufikisha mara 2.8 kwa faida ndogo mno ya kuonekana. Kwa upande wa pili, fast huokoa asilimia 10, faster asilimia 25, na ultrafast asilimia 55 lakini kwa kuuharibu ubora waziwazi. Kuhusu placebo, mwongozo huohuo unawaambia watu waipuuze.

Hapa ndipo muda mwingi wa nyumbani unapopotea. Mtu husoma mahali kwamba ngazi za polepole ni "bora", akaweka veryslow, halafu video yenyewe ni ya sendoff itakayotazamwa kwenye simu mara mbili na kufutwa. Kati ya veryfast na medium panatosha kwa kazi karibu zote za mtaani. Slow na slower zibaki kwa kile kinachowekwa kwa miaka: kanda ya pekee ya bibi, rekodi ya mazishi, filamu ambayo mhariri wake ataitia jina lake.

Kuna kitufe kingine kinachochanganywa na ngazi, nacho ni CRF. Ngazi husimamia juhudi; CRF husimamia ubora unaolengwa. Katika x264 namba zake huanzia 0 hadi 51, ya kawaida ni 23, na kila ikipanda kwa sita faili hupungua kufikia karibu nusu. Anayechagua ngazi ya haraka na kuiacha CRF palepale hapati picha mbaya sana. Mara nyingi anachopata ni faili kubwa zaidi kidogo. Kwa mwenye diski yenye nafasi na usiku mfupi, hiyo ni biashara nzuri. Pia aangalie kama programu yake imewekwa kupitia video mara mbili. Mizunguko miwili ina kazi pale faili linapotakiwa kufikia ukubwa maalumu, kwa mfano kuingia kwenye DVD ya gigabaiti 4.7. Kwingineko CRF ya mzunguko mmoja inatosha.

Kodeki mpya nazo zina bei yake. H.265 ya mwaka 2013 na AV1 ya mwaka 2018 hutoa mafaili madogo zaidi kwa ubora uleule, lakini badala ya vipande vya 16 kwa 16 hujaribu vipande vya ukubwa mwingi tofauti, hadi 64 kwa 64 katika H.265 na 128 kwa 128 katika AV1, na kila ukubwa lazima upimwe. Kwenye prosesa ya kawaida hilo ni zigo. Asiye na shida ya nafasi, wala ya bando la kupakia, hapotezi kitu akibaki na H.264, tena ana uhakika deki ya mteja itaicheza.

Halafu kuna ukubwa wa picha. Simu nyingi za leo huweza kurekodi 4K, pikseli 8,294,400 kwa fremu, mara nne ya 1080 na mara tisa ya 720. Kama watazamaji wako kwenye simu, 720 haitamsikitisha mtu, na kila pikseli iliyoondolewa haipekuliwi. Video ya fremu 60 kwa sekunde ikishushwa hadi 30 hupunguza mzigo kwa karibu nusu. Vichujio navyo vichunguzwe: kile cha HandBrake cha kusafisha chembechembe, NLMeans, ni kizuri lakini ni kizito kiasi cha kuweza kuchukua muda kuliko ubanaji wenyewe. Wengi wamekiwasha siku moja kwa video iliyorekodiwa gizani, kikabaki kimewashwa.

Njia ya tatu, ya kukabidhi kazi kwa kifaa maalumu, ndiyo inayoleta mshangao kwa anayeijaribu mara ya kwanza. Januari 2011 Intel ilitoa prosesa zenye Quick Sync, saketi ndogo isiyofanya kitu kingine ila kubana na kufungua video. NVIDIA ilifuata 2012 kwa saketi iitwayo NVENC kwenye kadi zake za michoro, AMD nayo ikawa na ya kwake wakati huohuo, na kompyuta za Apple zina yao. Hizi hupekua kwa waya zilizopangwa tangu kiwandani, si kwa programu. Video ya 1080 inayopita kwenye prosesa kwa fremu 30 au 40 kwa sekunde huweza kupita kwenye NVENC kwa mamia ya fremu, na prosesa ikabaki huru kufanya mengine. Katika HandBrake ni suala la kuchagua kodeki yenye jina NVENC, QSV, VCE au VideoToolbox badala ya x264. Kompyuta nyingi za nyumbani zina saketi hii na wenye kompyuta hawajawahi kuigusa.

Gharama yake ni kwamba saketi haibadiliki. Maamuzi iliyopewa kiwandani ndiyo itakayoyafuata hadi ife, na kwa ukubwa uleule wa faili x264 kwenye ngazi ya polepole bado hutoa picha safi zaidi, hasa kwenye matukio magumu kama chereko la ukumbini lenye taa za disko na karatasi za kung'aa zinazoanguka. Kadi za NVIDIA kuanzia kizazi cha mwaka 2018 zilipunguza pengo hilo sana. Hata hivyo, mgawanyo wa busara haujabadilika: nakala ya mteja kuangalia na kutoa maoni ipite kwenye saketi, nakala ya kuhifadhiwa ipite kwenye x264.

Dhana moja inayowagharimu watu fedha ni kwamba kadi ya michoro ya bei kubwa itageuza video haraka kuliko ya bei ndogo. Mamia au maelfu ya viini vinavyoifanya iwe ghali ni vya michezo na michoro. NVENC ni sehemu ya pembeni, na RTX 3060 ina injini ileile moja iliyomo kwenye RTX 3090.

Vipi kuhusu prosesa yenye viini vingi? Husaidia, lakini hadi mahali. Waandishi wa HandBrake wenyewe wanaeleza kuwa faida ni nzuri hadi viini sita hivi, kisha hupungua, kwa sababu fremu hutegemeana na kuna hatua ambazo lazima zisubiriane. Gene Amdahl alilieleza jambo hili mwaka 1967: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka kikomo, hata uongeze wafanyakazi wangapi. Mwenye viini 12 au 16 hupata zaidi akigeuza video mbili kwa wakati mmoja kuliko kuisukuma moja. Au aikate ndefu moja vipande kwenye fremu nzima, avigeuze sambamba, kisha aviunganishe kwa amri ileile ya kunakili. Kampuni kubwa hufanya hivyohivyo. YouTube hukata kila video inayopakiwa vipande na kuvigawa kwa mashine nyingi, na mwaka 2021 Google ilieleza kuwa imejiundia chipu yake ya kubana video, Argos, yenye ufanisi mara 20 hadi 33 kuliko mfumo wake wa awali.

Diski ni mshukiwa anayesingiziwa. Prosesa ikibana kwa kasi mara mbili ya mwendo wa video ya megabiti 24, inasoma megabaiti 6 tu kwa sekunde, kiasi ambacho hata flashi ya zamani inakimudu. SSD ni muhimu kwa kuhariri na kwa kunakili. Kwa kubana haiongezi chochote cha maana. RAM ni vivyo hivyo: gigabaiti 8 zinatosha kwa video ya 1080, na kuongeza nyingine 8 hakusogezi kazi.

Joto, kwa upande wake, husahaulika. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, na kazi ya kubana video ndiyo inayoifikisha huko, kwa kuwa hutumia viini vyote kwa saa nyingi mfululizo. Laptopu iliyowekwa juu ya godoro, mdomo wa feni umezibwa, Dar es Salaam mwezi Februari, itaanza kwa kasi nzuri na baada ya robo saa itakuwa inatambaa. Kupuliza vumbi, kubadilisha pasta ya joto iliyokauka na kuiinua laptopu kidogo kutoka mezani huweza kurudisha mwendo ambao mwenyewe alidhani umezeeka. Na ichomekwe kwenye umeme; ikitumia betri hubana matumizi.

Umeme wenyewe una habari yake. MP4 huandika orodha inayoonyesha kila fremu ilipo mwishoni kabisa, kazi ikishakamilika. Umeme ukikatika dakika tano kabla, gigabaiti zote zipo kwenye diski lakini hakuna kichezeshi kitakachozisoma. MKV huandika taarifa zake kidogo kidogo inavyokwenda, na kilichofanyika kabla ya giza huchezeka. Wakati wa mgao kama ule wa mwishoni mwa 2023 nchini Tanzania, aliyegeuza kwenda MKV kwanza, kisha akahamishia MP4 kwa kunakili, alikuwa na cha kuendelea nacho. Aliyekwenda MP4 moja kwa moja alianza upya.

Kabla ya kununua chochote ni vizuri kupima. Ichukuliwe dakika moja ya video, tena ile yenye fujo, maharusi wakiingia ukumbini badala ya hotuba ya mzee aliyesimama wima, igeuzwe kwa mipangilio miwili au mitatu na muda uandikwe. Wakati huo Task Manager ya Windows iwe wazi. Prosesa ikisimama kwenye asilimia 100, basi ndiyo inayochelewesha kazi. Ikiwa iko asilimia 30 na kazi bado inakwenda polepole, tatizo liko kwingine: kichujio kimoja kizito, au flashi inayosomwa na kuandikwa kwa pamoja. Kwenye ukurasa wa kadi ya michoro kuna grafu ya kubana video. Ikiwa bapa, saketi maalumu haijaitwa kazini.

Ikifika kununua, soko la kompyuta za mtumba, Kariakoo au Luthuli Avenue, lina mitego yake. Prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, ya mwaka 2013, ina Quick Sync ya H.264 lakini haiwezi kubana H.265, hilo lilianza na kizazi cha sita, 2015. Prosesa za mezani zenye herufi F mwishoni mwa jina hazina sehemu ya michoro, kwa hiyo hazina Quick Sync. Zile mashine kubwa nyeusi za ofisini zenye Xeon E5 na viini vingi huuzwa kwa bei ya kuvutia, nazo pia hazina. Kuiongezea mashine kama hiyo kadi ndogo ya NVIDIA huimaliza shida, mradi kadi yenyewe iwe na NVENC. GTX 1050 Ti inayo. GT 1030 haina, ijapokuwa ni ya familia moja, na hukaa kwenye kabati la duka lilelile.